Tochi ya Chiriku

Filamu za watu waliozaliwa mara ya pili nazijua vizuri, maana mimi mwenyewe nimeshazaliwa mara ya pili kama mara ishirini na mbili, na kila mara nikalipwa. Shujaa anakufa dakika ya arobaini. Mvua inanyesha, mtoto mchanga analia katika nyumba nyingine kabisa, na dakika tano baadaye huyo mtoto ana ndevu na anaendesha pikipiki. Anapita mbele ya mlango fulani, kichwa kinamgonga, anashika ukuta. Ndani kuna mama mwenye mvi. Kijana anamwambia, mama, ni mimi. Mama anakataa. Kijana anataja jambo ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua, na hapo watazamaji wanatafuta leso.

Kazi yangu ni kulitaja hilo jambo. Filamu zinatoka mbali, kwa lugha nisiyoielewa hata salamu. Ninapunguza sauti yao, ninawasha kipaza sauti, kisha ninasema Kiswahili juu ya picha kwa niaba ya kila mtu: shujaa, mama, askari, ng'ombe kama yupo. Ukiniuliza kama nilichosema ndicho walichosema, nitakuuliza kama umeshakula. Mtaani wananiita Redio. Aliyekuwa mke wangu naye aliniita hivyo, mpaka siku alipofungasha nguo zake akisema amechoka kuishi na redio inayowaka kazini na kuzimika ikifika nyumbani.

Nafanyia kazi chumba cha pili cha nyumba ya mama. Kuta zote nimezifunika kwa magodoro ya zamani, yamepigwa misumari, ili kelele za barabarani zisiingie kwenye kazi na kelele zangu zisitoke. Ni chumba kidogo, ukinyoosha miguu unagusa mlango. Zamani tulilala humo watu wawili, mimi na mdogo wangu.

Huyo mdogo wangu tulimwita Chiriku kwa sababu ya kubwabwaja, na yeye aliniita Kobe kwa sababu tunazozijua mimi na yeye. Alikufa ana miaka tisa, mimi nikiwa na kumi na minne. Alianguka kutoka paani. Mama alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani, na mimi nikamwambia kwamba Chiriku alipanda kufuata mpira. Kila mtu aliamini, maana Chiriku alikuwa mtoto wa kupanda vitu.

Mpira haukuwepo. Mimi ndiye niliyempandisha akashike antena. Picha ya runinga ilikuwa inachezacheza, filamu ilikuwa imefika patamu, na mimi sikutaka kunyanyuka. Mama hajui. Miaka ishirini na minne nimekaa na jambo hilo kama mtu aliyekaa na jiwe kiatuni, anatembea tu, anachekesha watu njiani.

Sasa basi. Jumanne moja, saa tisa alasiri, natoka chumbani na koo limekauka, nikamkuta sebuleni kijana ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai katika kikombe changu, na mama amekaa mbele yake, mikono mapajani. Mama mdogo alikuwepo pia. Mama mdogo huwepo kila mahali ambapo jambo linatokea. Sijui nani humpigia simu.

Kijana akasimama. Mrefu, mikono ina makovu madogo madogo ya moto, miaka ishirini na tatu kwa kumkadiria. Akanitazama kwa muda, halafu akasema taratibu, "Kobe."

Jina hilo hakuna aliyewahi kuniita zaidi ya Chiriku. Nikamgeukia mama mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza, kwa furaha ya mtu aliyepewa habari kabla ya wengine. Kijana ni fundi friji. Alikuja mtaani kwetu mara ya kwanza maishani kutengeneza friza ya bucha ya kona. Alipotoka bucha akaona mlango wetu, ule wa kijani wenye tundu lililozibwa kwa kifuniko cha kopo la rangi, akaweka sanduku la vifaa chini. Aliujua. Alijua hata kabla ya kuingia kwamba ndani kuna sebule yenye nguzo katikati, na kwamba kwenye nguzo kuna alama za kisu za kupimia urefu wa watoto wawili, na za mmoja zinaishia usawa wa kifua. Akagonga. Mama alipofungua, akamwambia kwamba kila siku ya maisha yake amekumbuka kuwa mtoto wa nyumba hii.

Nikamuuliza yeye ni wa wapi. Akasema amelelewa katika kituo cha watoto, hana anayemjua. Nikasema ndani ya moyo wangu, ahaa, hana anayemjua, na hapa kuna nyumba ina mlango wazi.

Usidhani nilikuwa mgumu bure. Nimeshauziwa simu yenye sabuni ndani. Nimeshapangishiwa chumba na mtu ambaye naye alikuwa mpangaji. Mtu akinichekea mara mbili bila sababu huwa nagusa mfuko. Lakini huyu hakucheka. Alitaja mambo. Alisema Chiriku, yaani yeye, alikuwa anakula mkate kwa kuanza na ganda la nje na kuuacha moyo wa mkate kama mto wa kulalia. Alisema mama alikuwa akimwogesha anamwimbia wimbo usiokuwa na maneno, kwa kuwa maneno aliyasahau. Alisema aliwahi kukata nywele za mama akiwa amelala, upande mmoja, na mama akavaa kitambaa miezi miwili. Kila alipotaja, mama alifumba macho. Na kila mama alipofumba macho, mimi nilimwangalia mama mdogo.

Nani mwingine? Mambo ya nywele tulikuwa tunayajua watu wanne, mmoja kafa. Nilimfuata mama mdogo jikoni nikamuuliza huyu kijana amemjulia wapi na ameahidiwa nini. Akaniambia niache upuuzi, yeye akiwa na siri huwa hafiki nayo hata mwisho wa barabara, wote tunalijua hilo, angewezaje kumfundisha mtu mambo yote hayo bila mtaa mzima kusikia. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo sikumwondoa kwenye orodha.

Niliporudi sebuleni, kijana alikuwa amesimama chini ya dirisha anatazama juu, kwenye ukingo wa paa.

"Kuanguka nakumbuka," alisema. "Nakumbuka jua machoni, halafu ardhi. Kilichotokea kabla yake ndicho hakijanijia. Lakini kinakuja, kaka. Kila siku kinasogea."

Mama akasema kwamba labda akilala katika chumba chake cha zamani kitakuja chote. Chumba chake cha zamani. Yaani mle mwenye magodoro yangu, kipaza sauti changu na maboksi yangu ya diski. Wakakubaliana Jumamosi. Mimi sikuulizwa, nikaambiwa tu nianze kutoa vitu.

Siku mbili zile sikufanya kazi. Nilikaa mbele ya filamu, shujaa anafungua mdomo, mimi nafungua wangu, hakitoki kitu. Nilikuwa namwaza fundi friji. Kama ni tapeli, ameyapata wapi mambo yetu? Na kama si tapeli, kama dunia kweli inafanya mambo ninayoyasema mimi kwa malipo, basi Jumamosi atalala pale pale tulipolala, atakumbuka nani alikuwa ameketi kwenye kiti na nani alitumwa juu, na atatoka sebuleni kumwambia mama. Nilimwomba Mungu awe mwizi.

Alhamisi nilimfuata bucha, anamalizia friza. Nikamchukulia soda, nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kumchokonoa kama ndugu anayechangamkia ndugu. Nilimtegea. Nikasema, unamkumbuka yule mbwa wetu? Akasema hatukuwa na mbwa. Kweli. Nikasema, siku ile uliyoungua mguu? Akasema sikuungua mguu, nilichanika na bati, hapa, akaonyesha chini ya goti. Kweli tena. Jasho likaanza kunitoka, na mle ndani mlikuwa na baridi ya kuhifadhi nyama.

Kisha akatabasamu mwenyewe, huku anafunga nati. Akaniuliza kama naikumbuka ile tochi.

Nikauliza tochi gani.

"Ile tuliyoifunga utepe mwekundu," alisema. "Nilikuwa naificha ndani ya godoro, upande wa ukutani. Ulikuwa ukilala namulika dari na kuhesabu mijusi."

Karibu nimkumbatie. Hatukuwahi kuwa na tochi. Nyumba yetu kitu pekee kilichotumia betri kilikuwa saa ya ukutani, na yenyewe ilisimama. Nimemkamata, nikajisemea; mwongo mwenyewe amejifunga kamba. Nikamaliza soda yake pamoja na yangu, nikaondoka napiga mluzi.

Mluzi uliniishia kama hatua hamsini kutoka bucha. Kwa sababu ile tochi niliijua. Utepe mwekundu, dari, mijusi. Sikuiona nyumbani, lakini niliijua kama mtu anavyojua uongo wake mwenyewe.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikaanza kupekua maboksi. Nilisikiliza diski baada ya diski, tangu mchana ule mpaka jua linazama, na kesho yake tena. Jamani. Ganda la mkate lilikuwa kwenye filamu ya mfalme. Wimbo usiokuwa na maneno ulikuwa kwenye filamu ya dereva wa lori. Nywele za upande mmoja na bati la chini ya goti, filamu ya mapacha. Mlango wa kijani na nguzo yenye alama, filamu tatu tofauti. Kobe, karibu zote. Miaka kumi na mitano, kila shujaa alipoulizwa athibitishe kuwa ni yeye, mimi nilikuwa nachota kwenye kisima kimoja, na sikuwa nimetazama hata siku moja ndoo inatoka na nini. Unakuwa na sekunde nne, mama wa kwenye picha anasubiri, unasema kinachokuja.

Na kituo cha watoto lazima kilikuwa na runinga. Mtoto asiye na mtu amekaa sakafuni, anasikia sauti ile ile, filamu hii na filamu ile, ikieleza nyumba ile ile, mama yule yule. Mimi nami ningehamia humo.

Tochi niliikuta Ijumaa, kwenye filamu ya askari wa msitu. Shujaa ameshika tochi, hakuna namna ya kuikwepa, kwa hiyo nilimpa yeye na kaka yake tochi ya utotoni, nikaongeza utepe kwa mapambo. Huo ndio ushahidi wangu. Ninachohitaji ni kumwekea mama hiyo diski, asikie tochi, ajue kijana amekariri filamu, mambo yaishe.

Nikaiacha diski iendelee. Na kabla tochi haijazimwa vizuri, shujaa akapanda mnara, kaka yake yuko chini, na sauti yangu ikasema, tulivu, kama ya mtu anayesoma barua: "Kaka, ulinituma juu nikakushikie picha. Hapakuwa na mpira. Sikulaumu, ila ungemwambia mama."

Sikukumbuka kabisa kuyasema hayo. Kwenye picha hapakuwa na mpira, hapakuwa hata na mama. Shujaa wa watu alikuwa anatafuta majangili.

Basi fikiria hali yangu. Kitu kimoja kinachoweza kumwondoa fundi friji kimebeba mgongoni kile kinachonifanya nimkimbie fundi friji. Na lazima hiyo filamu aliiona, kwa kuwa tochi haimo kwingine. Kinachosogea kila siku kichwani mwake kilikuwa sauti yangu, kiko nyuma kidogo tu ya utepe mwekundu. Nilikaa nikipiga hesabu ya kitapeli. Kati ya tochi na mnara kuna sekunde ishirini. Nikishika rimoti vizuri, nitazima katikati.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuja na begi moja na sanduku la vifaa. Mama alikuwa amefua mapazia. Mama mdogo alikuwa amekuja na shuka mpya na masikio yote mawili. Niliwaambia wakae kwanza, kuna kitu nataka tutazame pamoja. Mama akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akavuta kiti chake karibu na runinga.

Nikawasha. Shujaa msituni, giza, tochi. Sauti yangu ikajaa sebule: utepe mwekundu, godoro, dari, mijusi. Sikuitazama runinga, nilimtazama fundi friji. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu aliyeumbuliwa, anayetafuta mlango. Badala yake uso wake ulifunguka kama wa mtu anayesikia jina lake linaitwa, kisha polepole ukajifunga. Alitazama spika, akanitazama mimi mdomoni, akatazama spika tena.

Nikabonyeza rimoti. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga vizuri kuliko ya filamu yoyote. Lakini mama alinyoosha mkono, akaichukua rimoti kiganjani mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Iache iende," alisema. "Bado mnara."

Akawasha. Shujaa akapanda. Na kabla sauti yangu haijatoka kwenye spika, mama aliyasema yeye, kwa mdomo wake, neno kwa neno, kuhusu mpira na kuhusu kutumwa juu. Sauti yangu ikamfuata nyuma kama mwangwi uliochelewa. Halafu akazima.

Nilimuuliza amejuaje. 

Akasema magodoro yangu huenda yanazuia magari, hajui, yeye hajawahi kuwa gari. Ila kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta huo, na miaka kumi na mitano hajanunua filamu hata moja kwa sababu amezisikia zote bure. Ya mnara aliisikia miaka saba iliyopita, akikunja nguo.

"Kwa hiyo ulijua huyu si yeye," nilisema.

"Nilijua tangu siku aliponitajia mlango. Hata tochi ameniambia. Nimeishi humu, mwanangu, najua vilivyokuwemo na visivyokuwemo." Akamwangalia kijana. "Lakini alikuwa anamsema Chiriku mezani kwangu, mchana kweupe, ananitazama usoni. Wewe unamsema kwenye diski za dukani. Nyumbani hujamtaja tangu tulipomzika."

Mama mdogo alizikumbatia shuka zake mpya. Fundi friji alikuwa ameshainama anashika mkono wa begi lake. Alisema, bila kumwelekea yeyote, kwamba hakuwa anadanganya. Alidhani ni vyake. Vingi vilikuwepo kichwani kabla hajajua kusoma vizuri. Kisha akaniuliza mimi, kwa adabu, kama hata ule wimbo usio na maneno ulikuwa wa kwangu. Nikasema ulikuwa wa mama. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu kimoja kati ya vingi.

Mama akamwambia aketi, chai inapoa. Akamwambia vitu hivyo vimekaa kwake muda mrefu na amevitunza vizuri kuliko aliyemwachia, haoni kwa nini avitue leo. Kijana akabaki amesimama, begi mkononi, nusu ya kwenda na nusu ya kukaa.

Kisha mama akageuza kiti chake, akaipa runinga mgongo, akanikabili.

"Sasa niambie wewe," alisema. "Bila picha."

Mimi, ninayeweza kusemea askari na ng'ombe kwa pumzi moja, nilitafuta sauti yangu kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Nilimwambia. Nilimwambia picha ilikuwa inacheza na nikamtuma. Nilimwambia alitaka kwanza kuvaa viatu nikamkataza, nikamwambia wahi. Nilimwambia alikuwa anauliza kutoka juu, hapa? hapa? na mimi najibu bado, bado, geuza kidogo. Nilimwambia kitu cha mwisho nilichomwambia mdogo wangu katika dunia hii, kwa sauti ya juu, nikiwa nimeketi: hapo hapo, usisogee.

Mama hakulia. Alikaa anautazama ule ukingo wa paa kupitia dirishani.

"Na ilikaa sawa?" aliuliza. "Hiyo picha."

"Ilikaa sawa, mama. Kama dakika mbili hivi."

Akaitikia polepole kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa mtoto wake aliimaliza kazi aliyotumwa. Nyuma yangu nilisikia fundi friji anaweka begi lake chini, karibu na nguzo.